Muache Mgonjwa Ataje Jina Lake

Hotuba ya muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji kwa wanafunzi wa uuguzi na ukunga mkoani Morogoro, katika Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, 17 Septemba

Mkuu wa Chuo, Mganga Mkuu wa Wilaya, walimu, wazazi mliosafiri, na nyinyi wanangu wenye sare mpya zinazonukia pasi: nashukuru kwa kunialika. Shikamoo nimezipokea tangu getini mpaka zikanizidi. Naomba niseme marahaba moja kubwa, itutoshe wote.

Nimefanya kazi thieta miaka 31. Nimestaafu kwa hiari, ingawa walioniamulia hasa ni magoti. Leo nimeombwa nianze na takwimu, basi nasoma moja halafu naikunja karatasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila wagonjwa 10, mmoja hivi hudhurika na huduma yenyewe aliyoifuata, na kwamba huduma isiyo salama inaua watu zaidi ya milioni 3 kila mwaka duniani. Haya, nimesoma. Namba ya ukubwa huo haijawahi kumfanya mtu anawe mikono. Mimi nataka tuzungumze habari ya jina.

Mzee amelazwa, hajala tangu jana usiku, sikio moja halisikii vizuri, na hofu anayo. Unaingia na faili mkononi, una haraka, unauliza: "Wewe ndiye Juma Hamisi?" Anajibu, "Ndiyo, sista." Unaweka tiki, kitanda kinasukumwa.

Kumbe yeye ni Hamisi Juma.

Mnacheka, lakini mzee yule hakudanganya. Amekuitikia tu. Tumelelewa hivyo sote: mkubwa akiita, itika kwanza, mengine yatafuata. Na hospitalini, mwanangu, mkubwa ni wewe. Hata kama una miaka 22 na yeye ana 70, ukivaa hiyo sare yeye anakuwa mtoto. Ukimwuliza "unaumwa mguu wa kulia, siyo?" atakubali wa kulia. Ukimwuliza "hujala chochote?" atasema hajala, na uji alikunywa saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu amesikia kwenye sauti yako jibu unalolitaka.

Na majina yetu nayo yana fitina zake. Wodi moja utakuta akina Asha Ramadhani watatu. Akina Kulwa na Doto wamejaa nchi nzima. Mama mmoja mtaani ni Mama Neema, kanisani ni Veronika, kwenye kadi ya bima amepewa jina la ukoo wa mume. Ukitaka kujisaidia na tarehe ya kuzaliwa, bibi atakuambia alizaliwa mwaka wa njaa. Ile tarehe 1 Julai iliyo kwenye kadi yake aliizaa karani aliyekuwa anawahi chakula cha mchana.

Kwa hiyo usimpe jina akubali. Muache alitaje. "Jina lako kamili nani, bibi? Unatokea kijiji gani? Umekuja kufanyiwa nini? Nionyeshe ni wapi." Aonyeshe kwa kidole chake. Ndipo ufungue faili uone kama linasema alichosema yeye. Faili lifuate mdomo wa mgonjwa. Na uyaulize haya kabla ya mtu wa usingizi hajafanya kazi yake, maana ukishampa nusukaputi utakayemwuliza ni nani?

Labda mnaona nawafundisha a-be-che. Novemba 2007 a-be-che hii iliwashinda watu waliosoma kuliko mimi na nyinyi, pale Taasisi ya Mifupa, Muhimbili. Vijana wawili walilazwa, jina la kwanza moja. Mmoja alikuwa na tatizo la goti. Mwenzake alikuwa na tatizo la kichwa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu. Yule wa kichwa alifariki. Nilikuwa kazini mwaka ule, na nakumbuka jinsi daladala nzima ilivyonyamaza taarifa ilipotoka redioni, mimi nikiwa nimekaa nyuma na sare yangu, nikivuta kanga niifunike.

Watu wakauliza: inawezekanaje? Mguu na kichwa! Mimi sikuuliza. Nilijua inavyowezekana. Inawezekana kwa sababu katika safari ya kutoka wodini mpaka mezani mgonjwa anapita kwenye mikono mingi, na kila mkono unaamini ule uliotangulia umeshahakikisha. Wa wodi anasema thieta wataangalia. Wa mapokezi ya thieta anaona plasta imeandikwa jina, basi. Mtaalamu wa usingizi anamkuta mtu tayari kitandani. Daktari bingwa anaingia mwisho, ameshanawa, shuka za kijani zimeshafunika kila kitu isipokuwa kipande cha ngozi. Ngozi haina jina.

Tukasema tumejifunza. Februari 2018, Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta: daktari anafungua fuvu kutafuta bonge la damu. Anatafuta, haoni. Bonge halikuwapo kwa sababu mwenye bonge alikuwa amelala wodini. Lebo zilikuwa zimebadilishana. Kwa rehema za Mungu wote wawili walipona, na yule aliyestahili kupasuliwa akaonekana anaendelea vizuri bila hata kisu. Waziri wa Afya wa wakati ule, Sicily Kariuki, akampeleka mkurugenzi likizo ya lazima, daktari na wenzake wakasimamishwa. Madaktari wenzao wakaandamana, wakisema mnamwonea mtu mmoja kwa kosa la mnyororo mzima.

Hapo niliwagawia haki nusu kwa nusu. Ni kweli mnyororo ulikatika sehemu nyingi. Ukimfukuza muuguzi lakini ukaacha utaratibu wa kuandika jina kwenye plasta inayobanduka ikilowa jasho, jiandae kumfukuza na wa pili. Lakini daktari naye ana mdomo. Mgonjwa wa Kenyatta alikuwa na mtu wa mwisho aliyeweza kuuliza, na mtu huyo ndiye aliyeshika kisu.

Sasa niwape habari ya kujivunia, maana naona nyuso zimekunjamana. Ifakara mnaijua, ni mkoa wetu huuhuu. Mwezi mmoja tu kabla ya tukio la Muhimbili, yaani Oktoba 2007, ulianza utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika hospitali nane za miji minane. Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila... na Ifakara. Katika Afrika yote, ni Ifakara peke yake, hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Walikuwa wanajaribu karatasi ya ukurasa mmoja yenye vipengele 19. Aliyeongoza ni daktari mpasuaji wa Boston, Atul Gawande. Karatasi hiyo husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka thieta.

Ndani yake hakuna elimu ngeni hata moja. Huyu ni nani na tunamfanya nini, na upande gani. Ana mzio? Antibayotiki imetolewa ndani ya saa moja iliyopita? Kipimo cha oksijeni kipo kidoleni na kinafanya kazi? Damu ikimwagika nyingi, tuna akiba? Mwishoni: vifaa, swabu (vile vitambaa vya kufyonzea damu) na sindano, hesabu imetimia? Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa jumla ya hospitali zile nane, wagonjwa zaidi ya 7,600, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja hiyo, unaweza kuitoa fotokopi.

Kipengele ninachokipenda kuliko vyote watu hukiruka kwa sababu wanaona aibu. Kabla ya kukata, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. "Mimi naitwa fulani, nitakuwa na vifaa." Hata mhudumu wa usafi. Mara ya kwanza tulipojaribu tulicheka mpaka barakoa zikateleza. Watu tumefanya kazi pamoja miaka 12, leo tunajitambulisha kama tuko posa. Lakini nikagundua kitu. Mtu akishasikia sauti yake mwenyewe mle ndani, hata kama amesema jina tu, mara ya pili haimtetemeshi. Mwanafunzi aliyetaja jina lake saa mbili asubuhi ndiye aliyesema saa tatu, "Samahani daktari, glavu yako imetoboka." Asiyesema jina hakusema na glavu.

Na msije mkaifanya karatasi hirizi. Ontario, Kanada, waliilazimisha katika hospitali zao. Utafiti uliotoka 2014 uliangalia hospitali 101, na vifo havikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Wataalamu wanabishana sababu. Mimi yangu ninayo, na nimeiona kwa macho katika nchi hii: karatasi inajazwa upasuaji ukiwa umeisha, tiki 19 kwa mpigo mmoja, kalamu haijanyanyuliwa, na anayejaza yuko kwenye chumba cha chai.

Nirudi kwenye kunyamaza, maana huko ndiko kuliko na maiti.

Uingereza, mwaka 2005, mama mmoja mwenye afya yake aliingia kwa upasuaji mdogo wa matundu ya pua. Usingizi ulipoanza, njia ya hewa ikagoma. Wakakusanyika madaktari watatu, wote wazoefu, wakang'ang'ana kupitisha mpira kooni. Oksijeni inashuka, dakika zinakwenda, wao macho kooni. Muuguzi mmoja akaleta seti ya kutoboa koo, akawaambia ipo. Hawakumwitikia. Mwingine akapiga simu chumba cha wagonjwa mahututi akaomba kitanda. Alipowaambia, wakamtazama kama mtu anayekuza mambo, akarudi kwenye simu akakifuta. Uchunguzi ulipofanyika ikaonekana wauguzi walijua kilichotakiwa. Kilichowashinda ni namna ya kukisema. Yule mama alifariki siku 13 baadaye.

Mumewe, Martin Bromiley, alikuwa rubani. Hakukimbilia kudai mtu afungwe. Aliuliza swali la kirubani: nani atachunguza kilichotokea, ili kisijirudie? Akashangaa kuambiwa si kawaida, labda ashitaki. Kwao ndege ikianguka huchunguzwa hata kama hakuna anayeshitaki, na rubani msaidizi anafundishwa kumwambia bosi wake "unakosea" kabla hajafundishwa mambo mengine mengi. Mwaka 2007 akaanzisha kikundi cha kuwafundisha watu wa hospitali hayo hayo.

Mtasema, wale ni Waingereza, huku kwetu huwezi kumwambia daktari bingwa amekosea, mbele ya watu, tena wewe ni wa juzi. Wahenga walishasema heshima si utumwa, lakini naelewa, mdomo unakuwa mzito. Kwa hiyo nawapa ngazi ya kupandia, niliyoitumia miaka yangu ya mwisho. Ya kwanza: "Daktari, nina wasiwasi na hili." Asipogeuka: "Daktari, sina amani, naomba uangalie." Asipogeuka bado: "Daktari, naomba tusimame. Mgonjwa hayuko salama." Hakuna tusi hapo. Unaweza kuyasema yote ukiwa umepiga goti. Lakini ile ya tatu iseme kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mtu wa usingizi, ili awe shahidi.

Haya nayasema kwa sababu mwaka 1994 sikuyasema.

Hospitali sitaitaja, na daktari ameshatangulia mbele ya haki. Ilikuwa saa tisa usiku, mama wa kupasuliwa, uzazi wa pili, jenereta linakohoa. Tulianza na swabu kubwa 10. Mtoto akatoka, akalia, tukafurahi. Wakati wa kufunga nikahesabu: 9. Nikahesabu tena: 9. Nikasema, "Daktari, moja haionekani." Akaniambia, "Hesabu vizuri, sista." Nikahesabu mara ya tatu. Akasema itakuwa imeangukia kwenye ndoo, anafunga, mama amepoteza damu. Nikainama kwenye ndoo. Haikuwamo. Nikainuka, nikamtazama machoni juu ya barakoa. Alikuwa hajalala siku mbili.

Angekuwa mkali pengine ningebishana naye. Lakini alikuwa mtu mwema, ananiita mdogo wangu, na mke wake alinipa nguo za mtoto nilipojifungua. Nikanyamaza. Halafu nikafanya kibaya zaidi ya kunyamaza: nikaandika kwenye kitabu kwamba hesabu imetimia, nikasaini.

Siku hizi mtu akisikia kisa kama hiki husema neno moja: uzembe. Sheria inalipima polepole zaidi. Mlalamikaji lazima aonyeshe kwamba ulikuwa na wajibu kwake, kwamba ulishuka chini ya kiwango ambacho mwenzako wa kada hiyo angekifikia, na kwamba madhara yake yametokana na kushuka huko. Kukosea tu hakutoshi. Kwa Tanzania, kesi ya madai ya namna hii ina miaka 3 ya kufunguliwa, na malalamiko ya kitaaluma yana milango yake: Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwetu sisi Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wazazi mliopo mlishike hilo. Wanafunzi mtafundishwa kwa urefu darasani.

Wachache sana wanafika huko, na sababu mbili nazijua. Moja ni faili. Mgonjwa akidhurika, faili linapotea. Nimeishi miaka yote hiyo sijawahi kuona faili lenye miguu. Ya pili inaniuma kuisema mbele ya baba paroko na sheikh waliokaa hapa, lakini niseme. Tunamtwisha Mungu kesi zetu. Damu imeongezwa ya kundi siyo, kwa sababu chupa za sampuli ziliandikwa majina mezani badala ya kitandani, mgonjwa anakufa, tunatoka nje kwa ndugu tunasema, "Mungu amempenda zaidi." Ndugu wanapangusa machozi, wanatushukuru kwa jitihada. Ajali imepewa jina la kudra, na kesho yake chupa zinaandikwa mezani vilevile. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tunaficha yetu, kifo kinamchukua mwingine.

Sijasahau hali mnayokwenda kuikuta. Najua usiku wa muuguzi mmoja na wodi nzima, kina mama wawili kitanda kimoja, mashine ya kupima oksijeni ikiazimwa kama kibiriti. Namwona Mganga Mkuu wa Wilaya anaandika. Vizuri, andika na hili: ampuli za potasiamu zitolewe kwenye rafu ya wodini zinapokaa jirani na maji ya sindano. Zinafanana, na moja kati ya hizo mbili ukiisukuma haraka mshipani moyo unasimama. Mtu aliyechoka asiachiwe ategemee macho yake tu saa kumi alfajiri. Hili halihitaji bajeti, linahitaji kabati lenye kufuli.

Lakini kuhesabu mpaka 10 hakukuwa na upungufu wowote wa bajeti usiku ule.

Yule mama alirudi baada ya wiki tano. Homa, tumbo limevimba, linanuka. Akafunguliwa na daktari yuleyule, mimi nikishika vifaa, kwa sababu zamu ilipangwa hivyo. Ya kumi tuliikuta. Daktari aliitoa, akaidondosha kwenye bakuli, hakusema neno, na mimi nikaifunika kwa nyingine. Ndugu waliambiwa kidonda kilikuwa kimeingia uchafu ndani, sasa kimesafishwa. Hakuna aliyewaambia uchafu gani wala wa nani. Alikaa wodini siku 19. Mtoto alinyonyeshwa na shangazi. Daktari hakuwahi kunizungumzia jambo lile, wala mimi yeye, mpaka nilipoenda kwenye maziko yake.

Alipopona, yule mama alikuja na mumewe, kwa miguu, na jogoo amefungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Akasema amekuja kuwashukuru madaktari na manesi waliomwokoa mara mbili. Mara mbili, alisema hivyo, na akapiga goti pale kwenye korido ya saruji, mkono mmoja ameuweka tumboni kwenye mshono. Sista kiongozi alimpokea jogoo. Akachinjwa mchana ule ule, akapikwa jikoni kwa wagonjwa, tukala chumba cha chai. Firigisi ilikwenda kwa daktari, kama heshima inavyotaka. Mimi nilipewa paja. Nilikula lote.